Dawa Inayopenda Mafuta

Siku ile tulikuwa watano katika chumba cha daktari wa ngozi mjini Nyeri. Alikuwepo daktari mwenyewe, mwanamke mfupi aliyevaa sweta ya kijani chini ya koti lake jeupe kwa sababu ya baridi. Alikuwepo muuguzi aliyekuwa akijaza fomu. Alikuwepo tata, kama tunavyomwita mama mdogo, dada wa marehemu mama yetu, ambaye huuza avokado sokoni. Alikuwepo dada yangu mdogo, mwenye miaka kumi na tisa wakati huo, ambaye uso wake ndio uliotupeleka pale. Na mimi, kaka yake mkubwa. Nimewataja wote kwa sababu sote tulisikia maneno yaleyale, na baadaye nilikuja kugundua kwamba kila mtu aliondoka na yake.

Viti vya wageni vilikuwa viwili. Tata na dada yangu wakakaa, mimi nikasimama karibu na mlango. Mimi ni fundi wa makochi, na nisipojua la kufanya huwa naangalia viti. Cha tata kilikuwa kimepasuka pembeni, sponji imetokeza. Nilikuwa nikiitazama hiyo sponji daktari alipomwomba dada yangu avue barakoa.

Watu walikuwa wameacha kuvaa barakoa zamani. Dada yangu hakuacha. Chunusi zilimwanza kidato cha tatu, na alipomaliza shule zilikuwa zimejaa mashavu yote mawili, taya, shingo mpaka mgongoni. Si vile vipele vya ujana ambavyo kila mtu hupitia. Hizi zilikuwa kubwa, za ndani, zikikaa wiki tatu na kuacha shimo. Alikuwa amepata alama nzuri, chuo kimoja cha ualimu upande wa Kerugoya kikamwita, na hakwenda. Ili kujiunga alihitaji kitambulisho, na kitambulisho kinataka picha. "Hiyo picha nitakaa nayo maisha yangu yote," aliniambia. "Siwezi piga na hii uso." Nafasi ya mwaka ule ikapita. Sasa chuo kilikuwa kimemwita tena, Septemba, na mwanamke wa ofisini alikuwa ametuambia wazi kwamba hawataita mara ya tatu.

"Umepaka nini mpaka sasa?" daktari akauliza.

Dada yangu akataja: sabuni tatu, krimu ya sokoni iliyomchoma, ndimu, dawa ya meno.

"Na mafuta ya kukamulia ng'ombe," tata akaongeza.

"Tata!"

"Si ni ukweli? Si sisi sote tunapaka? Baridi ya hapa utafanyaje?"

Daktari hakucheka. Alisogeza taa, akamgeuza uso taratibu huku na huku, kisha akarudi kwenye kiti chake na kueleza. Angemwanzishia dawa ya kumeza, dozi ndogo, kidonge kimoja kila siku. Damu angepimwa kila baada ya miezi miwili.

"Itachukua muda gani?" nikauliza.

"Miezi minane. Pengine mwaka. Na nawaambia mapema, mwezi wa kwanza na wa pili uso unaweza kuharibika kuliko ulivyo sasa. Msishtuke. Piga picha moja kila mwezi, mahali pamoja, saa ileile, na katikati ya hapo usijichunguze. Ukihesabu siku utachoka."

"Lakini daktari, kwa nini ndogo?" tata akauliza. "Huyu ni mtu mzima."

"Ndogo ndiyo inayomfaa. Atakaa nayo muda mrefu bila kuteseka."

Kisha akatoa maagizo, na hapa ndipo ningeomba msomaji asikilize kuliko nilivyosikiliza mimi. Alisema dawa hii inapenda mafuta, kwa hiyo isimezwe tumbo likiwa tupu, imezwe na yai, avokado au maziwa. Alisema mafuta ya kukamulia yasiguse uso tena. Alisema midomo itakauka, aipake mafuta ya midomo mara nyingi. Na alisema asimeze vitamini A ya aina yoyote, kwa sababu dawa hii ni jamaa yake na zikiwa mbili zitaumiza ini. Mafuta yakaingia, mafuta yakatoka, na kichwani mwangu ikabaki sentensi moja: dawa hii inapenda mafuta.

Baada ya hapo muuguzi aliniomba nitoke nje, kuna mambo ya akina mama. Dada yangu alipotoka alikuwa na pakiti iliyochorwa mwanamke mjamzito aliyepigwa mstari, na karatasi aliyotia sahihi kwamba ameelewa asipate mimba akiwa na dawa hiyo. Aliikunja haraka. Sikuuliza. Nimemlea tangu akiwa na miaka minne na bado kuna mambo ambayo hatujui tuyaongelee vipi.

Tata alikuwa na lake. "Ndogo," alisema tulipofika barabarani. "Wametuangalia viatu."

"Ati nini?"

"Mtu akiingia na viatu vizuri anapewa dawa kubwa. Sisi tumepewa ya kuonja."

Dada yangu yeye aliuliza jambo moja tu. "Brathe, kufika Septemba hii uso itakuwa imepona?"

Ilikuwa Februari. Daktari alikuwa amesema miezi minane, pengine mwaka. Mimi nikachukua ile minane, nikaondoa mmoja, nikaacha kabisa ule mwaka. "Septemba utakuwa safi," nikasema.

Aliniamini. Tangu mdogo nilipomwambia kitu kitakuwa, kilikuwa. Wazazi wetu walifariki mwaka mmoja, baba kwanza, nikiwa kidato cha pili, na nilipotoka shuleni niliwaambia dada zangu wawili kwamba hawatagawanywa kwa jamaa. Hawakugawanywa. Wa kati ameolewa Kerugoya sasa. Huyu mdogo nakaa naye hapa Nyeri, mtaa wa Skuta, na karakana yangu iko mwendo wa dakika kumi kutoka nyumbani.

Daktari alikuwa amesema kweli. Machi uso uliharibika. Zilitokea mahali ambapo hazijawahi kutokea, kwenye paji la uso na chini ya macho. Dada yangu alikuwa akija karakana kunisaidia kushona foronya za makochi, akikaa chumba cha nyuma ili wateja wasimwone, na mwezi huo hata huko nyuma alikaa na barakoa. Midomo ilianza kupasuka. Yule dada yetu wa Kerugoya alipiga simu kila Jumapili.

"Tuma picha basi."

"Sitatumia mtu picha."

"Mimi ni mtu? Mimi ni dada yako. Nilikuosha ukiwa na makamasi."

"Basi kumbuka hayo makamasi, inatosha."

Picha ya kila mwezi alijipiga mwenyewe mlangoni, saa nne asubuhi, na hakunionyesha. Lakini nilikuwa namwona. Aprili ilipofika, mvua ikianza, nilimtazama akila na nikaona hakuna kilichobadilika isipokuwa midomo. Miezi miwili ilikuwa imeliwa. Nikahesabu mpaka Septemba, ingawa tuliambiwa tusihesabu, na maneno ya tata yakanirudia. Ya kuonja.

Mama yetu alikuwa na chupa ya mafuta ya samaki. Msimu wa baridi alitupanga mlangoni asubuhi, mkubwa mbele, kijiko kimoja kila mtu, na kipande cha chungwa cha kuondoa ladha. Alipofariki niliendelea. Sikujua kupika vizuri, sikujua kusuka nywele, lakini kijiko cha mafuta nilijua, na nilikitoa kila Julai mpaka huyu mdogo alipofika miaka kumi na miwili akaniambia akikiona tena atatapika mbele ya wageni. Nikaacha.

Sasa nikafikiri hivi: dawa yake ni ndogo, lakini daktari mwenyewe amesema inapenda mafuta. Ikipewa mafuta ya kutosha itafanya kazi kama kubwa. Na katika mafuta yote ninayoyajua, hakuna yanayojenga mwili kama yale ya mama.

Nilinunua chupa. Kwa kuwa nilijua hatakubali, nilitia kwenye uji. Sisi huchachusha uji wetu siku mbili tatu, na uji uliochacha huficha mengi. Nilitia vijiko viwili vya mezani, vile vikubwa, kila asubuhi kabla hajaamka.

"Brathe, uji inanuka nini?"

"Imechacha."

"Imechacha mpaka ikakuwa samaki?"

"Ni sufuria. Kunywa, umeze dawa."

Alikunywa akiwa ameziba pua. Na jambo lililonipoteza kabisa ni kwamba mwezi wa Mei alianza kupata nafuu. Siku moja alitoka chumba cha nyuma akiwa ameshika foronya, barakoa imeshuka kidevuni, akaniambia kana kwamba anasema kuhusu uzi, "Wiki hii hakuna mpya hata moja." Nikaendelea kupigilia misumari ili asione uso wangu. Ilikuwa mwezi wa nne wa dawa, wakati uleule ambao daktari alitarajia mabadiliko yaanze. Mimi sikuwaza hivyo. Niliwaza kuhusu chupa iliyokuwa nyuma ya unga.

Midomo ndiyo iliyozidi. Ilikuwa myekundu kama ya mtu aliyekula matunda ya porini, na pembeni ilichanika akicheka. Ngozi ya mikono ikaanza kuambuka. Kichwa kilimuuma. Niliona ni dalili kwamba dawa imeshika.

Juni tulirudi kwa daktari, tukawa tena walewale watano chumbani. Tata alikuja kwa sababu alisikia mtoto anapona na alitaka kuwepo daktari akisifiwa. Alibeba avokado sita kwenye mfuko wa kumpa.

Daktari alitazama uso kwanza, akafurahi. Kisha akafungua karatasi ya maabara, akakaa nayo muda.

"Vipimo vya ini vimepanda," akasema. "Na mafuta kwenye damu yamepanda pia. Kwa dozi hii sikutegemea." Akamgeukia dada yangu. "Lazima nikuulize. Unakunywa pombe?"

"Hapana."

"Hata kidogo, wikendi? Sitakuhukumu. Nataka kujua tu ili nisikuumize."

"Sijawahi."

"Kuna dawa nyingine unameza? Miti shamba? Vitamini?"

"Hapana."

Akanitazama mimi. "Nyumbani anakula nini?"

"Chakula cha kawaida," nikasema. Nami sikuwa nadanganya. Kwangu mafuta ya samaki hayakuwa dawa wala vitamini. Yalikuwa mama.

Ndipo nikaona tata anaangalia midomo ya dada yangu. Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa. Tumezika vijana wengi kwa pombe ya vichochoroni, na kabla ya kuwazika tuliwajua kwa midomo. Huwa inakuwa myekundu, imebabuka, kama imechomwa na chai. Tata aliangalia ile midomo, akaangalia karatasi mkononi mwa daktari, na mfuko wa avokado ukateleza mapajani mwake.

"Maitu," alisema kwa sauti ya chini.

Dada yangu amebeba jina la nyanya yetu, mama yake tata, kwa hiyo tangu azaliwe tata humwita maitu, mama yangu. Humwita hivyo akimtuma chumvi, humwita hivyo akimgombeza. Siku hiyo alilitamka kama anamwita yule aliye kaburini.

"Maitu, unakunywa?"

"Tata, hata wewe?"

Daktari akaingilia, akasema hakuna aliyesema anakunywa, kuna sababu nyingi. Dawa isimamishwe mwezi mmoja, apimwe tena. Lakini dada yangu alikuwa ameshavaa barakoa.

Nyumbani alisema maneno machache. "Siendi tena kwa daktari. Na Septemba siendi mahali. Uso ikiwa mbaya ni chunusi, ikipona ni pombe. Nimechoka." Akaiweka pakiti ya dawa juu ya kabati, mahali ambapo hafiki bila kupanda kiti.

Asubuhi iliyofuata nilikoroga uji kama kawaida. Dawa ilikuwa imesimamishwa lakini mkono ulikuwa umezoea, nikashika ile chupa, na kwa sababu maneno ya daktari yalikuwa bado masikioni nikaigeuza nikasoma nyuma. Nilikuwa nimeijua chupa hiyo tangu utotoni na sikuwahi kuisoma. Mstari wa kwanza chini ya jina la mafuta uliandikwa: Vitamini A. Mbele yake palikuwa na tarakimu za kijiko kimoja kidogo cha chai. Mimi nilikuwa natia viwili vya mezani.

Nilimwaga uji nje. Nikapika mwingine.

Sikusema kwa siku tisa, na sina utetezi wa siku hizo. Nilijiambia nangoja atulie. Nilijiambia nitamwambia daktari kwanza. Ukweli ni kwamba katika nyumba yetu mimi ndiye ninayejua, na sikujua nitakuwa nani nikisema sikujua.

Siku ya tisa alikuja karakana mama mmoja kutoka Wamagana, mteja wa siku nyingi, kuchukua kochi lake. Dada yangu alikuwa amekuja mbele kutafuta mkasi. Yule mama akamshika mikono yote miwili, macho yake yamejaa huruma ya kweli.

"Tunakuombea, mwanangu. Usikate tamaa. Mungu ametoa watu wengi kwa chupa."

"Kwa chupa gani?"

"Usiogope. Tata yako alitueleza tu ili tuombe. Kila Alhamisi tunakutaja."

Tata hakuwa amesengenya. Alikuwa amefanya kile alichojua kufanya mtoto akipotea, akapeleka jina kwenye kikundi chake cha akina mama cha kanisa huko Wamagana na kuomba wamsaidie kulilia. Na jina lenyewe ni la nyanya yetu, ambaye wengi wao walimjua, ambaye hakuwahi kuweka pombe mdomoni.

Yule mama alipoondoka na kochi lake, dada yangu alikaa kwenye gunia la sponji. Hakulia. Alikuwa akigusa midomo yake kwa kidole, akiangalia kidole, akigusa tena.

Nikamwambia. Nilisimama na nyundo mkononi nikasema yote, chupa, uji, Aprili, vijiko viwili, vitamini A.

Alijifuta kidole kwenye gunia.

"Kwa hivyo ile samaki ilikuwa samaki."

"Ndiyo."

"Na nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Ukasema sufuria."

"Nilisema sufuria."

"Na umejua tangu lini hii kitu ndiyo ilipandisha ini?"

Hilo ndilo lililokuwa gumu. "Siku tisa."

Aliinuka akaenda nyuma. Nilisikia cherehani ikianza, ikakimbia mshono mrefu, ikasimama. Akarudi mlangoni.

"Utaenda kwa daktari, umwambie wewe. Halafu tata. Halafu wale wote waliniombea."

"Wote?"

"Wote. Mmoja mmoja. Na si kwa simu."

"Na wewe? Utarudi kwenye dawa?"

"Nenda kwanza."

Nilikwenda kwa daktari kesho yake bila miadi, nikangoja mpaka mchana. Nilipomweleza alivua miwani, akajifuta macho, na sikujua kama anacheka au amechoka.

"Mafuta niliyosema ni ya yai."

"Nimeelewa sasa."

Alisema hawezi kuapa kwamba ni hayo tu, lakini aliona ndiyo sababu iliyo karibu zaidi. Kisha akanieleza tena kile ambacho Februari kilikuwa kimepita juu ya kichwa changu. Dozi ndogo haikuwa nusu ya dawa. Ilikuwa dawa nzima iliyogawanywa kwa siku nyingi, kwa sababu msichana huyu ana mwili mdogo, anaishi mahali pa baridi kali, na daktari alitaka afike mwisho bila kuikimbia katikati. "Mimi sikuwaahidi Septemba," alisema. "Nani aliyesema Septemba?" Nikamwambia ni mimi. Aliandika kwenye faili kwamba pombe haihusiki, akaigeuza niisome mwenyewe.

Tata nilimkuta sokoni akipanga avokado, zilizoiva mbele. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika moja.

"Kwa hivyo mlevi ni wewe," alisema. "Umemlewesha mtoto na samaki." Kisha akakaa juu ya debe akalia, akijifuta kwa khanga ya kiunoni, mteja akasimama akangoja. "Nimemuuliza maitu kama anakunywa. Mbele ya watu."

"Twende pamoja kwa wale akina mama, tata."

"Aca, hapana. Mimi nitakwenda kupiga magoti kwa maitu. Hao wengine ni wako. Ungesema siku ileile, ningeomba nini?"

Alinitajia majina. Walikuwa kumi na saba.

Mwezi ulipoisha dada yangu alikubali kupimwa. Ini lilikuwa limeshuka, akarudishiwa kidonge chake kimoja kidogo, na tangu hapo hupika uji wake mwenyewe. Wangu hauonji. Nilimwambia ukweli kuhusu Septemba pia, kwamba haiwezekani, kwamba daktari alisema hata mwaka mpya tunaweza kuuona tukiwa bado na dawa. Nilijitolea kwenda chuoni kuwaomba waongeze muda. Alinisikiliza akiwa anapaka midomo mafuta.

"Hao wa Septemba wanataka mtu, hawataki uso," akasema. "Nipe karatasi za mama na baba."

Yatima huombwa vyeti vya vifo vya wazazi anapotafuta kitambulisho. Nimevihifadhi kwenye mfuko wa plastiki chini ya godoro langu miaka yote hii. Nilimpa, nikataka kumsindikiza, akakataa. Alikwenda peke yake Jumatatu asubuhi, akavua barakoa mbele ya kamera. Shavu la kulia lilikuwa karibu safi. La kushoto lilikuwa bado na vivimbe vitatu na yale mashimo ambayo hayatatoka. Kitambulisho kilipokuja kilionyesha vyote, na midomo iliyobanduka pia. Alinionyesha mara moja, akakiweka kwenye mkoba.

Alikwenda Kerugoya Septemba na pakiti ya dawa, chupa ya maziwa na vikopo viwili vya mafuta ya midomo. Kila mwezi alipimwa huko. Hakuwa tena akipiga picha. Alisema amesahau, nami nikajua hiyo ni habari njema. Novemba dada yetu wa kati alipiga simu kunieleza kwamba amemwona kwa macho yake, na kwamba kuna siku mbili alizungumza naye bila kukumbuka kumwangalia mashavu.

Na mimi nilianza kwenda Wamagana. Jumapili baada ya kanisa, mmoja au wawili kwa siku, kwa sababu kila nyumba inataka unywe chai kwanza na habari kama hii huwezi kuisema ukiwa mlangoni. Nawaambia: yule msichana mliyemwombea hanywi, hajawahi kunywa, ni mimi niliyemtilia mafuta ya samaki kwenye uji na dawa yake haikuyataka, nikajua, nikanyamaza siku tisa. Wengine hucheka mpaka wanashika mbavu. Mmoja alikasirika kwa niaba ya nyanya yetu akanifokea mbele ya wajukuu wake. Mwingine, bibi mzee asiyesikia vizuri, alielewa kwamba mimi ndiye ninayekunywa, akanishika kichwa akaniombea papo hapo, na nilipotoka sikuwa na uhakika kama nyumba ile niihesabu au nirudi. Nilirudi Jumapili iliyofuata.

Desemba dada yangu alikuja likizo. Alikuwa ametoka kwa daktari, ambaye alimwambia aendelee miezi miwili zaidi, mitatu ikibidi. Alinieleza hivyo bila kukunja uso, akakaa kwenye kochi la mteja nililokuwa nimemaliza, akanyoosha miguu.

"Umefika wapi na watu wangu?"

"Wamebaki wanne."

"Mbona?"

"Mmoja amehamia Nanyuki kwa binti yake. Wawili nimekosa nyumbani mara mbili. Na yule wa nne ameshanisikia kwa wengine, ananiambia nisijisumbue."

"Huyo nenda."

"Nitaenda."

"Na wale ambao hao kumi na saba waliwaambia?"

Nikamwambia hao siwajui.

"Waulize," akasema, akaenda kujipikia uji.